Kupika saison Mtwara: bia ya Kibelgiji isiyoogopa joto

Ukitaka kupika bia ya Kibelgiji nyumbani na unakaa Mtwara mjini, Mikindani au Lindi, kukosa kimea cha shayiri ni shida ndogo. Shida kubwa ni joto. Zile tripel na dubbel zinazosifiwa, bia kali za watawa wa Westmalle, Chimay au Rochefort, hutumia hamira ambazo kwa mpishi wa nyumbani hutulia vizuri kati ya nyuzi 18 na 24. Kwetu mwezi wa Januari hata maji ya bomba hayashuki hadi huko. Lazimisha hamira ya namna hiyo ifanye kazi kwenye chumba cha nyuzi 30 bila friji, na utapata kinywaji chenye harufu ya ndizi mbivu iliyochanganyika na rangi ya kucha, na kichwa kitakachokuuma mpaka adhuhuri ya kesho yake.

Kwa hiyo pika saison. Hiyo ni bia ya mashambani ya jimbo la Hainaut, upande wa Ubelgiji unaozungumza Kifaransa. Wakulima waliipika miezi ya baridi na kuihifadhi, kisha wakawanywesha vibarua wakati wa kazi za kiangazi. Kiwanda kinachotajwa kuliko vyote ni Brasserie Dupont cha kijiji cha Tourpes, ambacho kipo kwenye shamba lililokuwa likipika bia tangu mwaka 1844 na likaingia mikononi mwa familia ya Dupont mwaka 1920. Pale bia huachwa ichachuke hadi kupita nyuzi 30, jambo ambalo wapishi wengi wa bia wangeliita uzembe. Kinachotoka ni bia kavu, yaani isiyo na utamu, yenye povu jingi, inayonukia pilipili manga na ganda la chungwa ingawa hakuna aliyetia pilipili wala chungwa. Harufu zote hizo ni kazi ya hamira, na hamira hiyo inalipenda joto ambalo wewe huwezi kulizuia.

Kabla hatujawasha jiko, mambo mawili. Mwongozo huu ni wa kinywaji cha nyumbani kwa watu wazima. Kuuza kuna leseni zake, na ofisi ya biashara ya halmashauri itakueleza. Kukeneka ni habari nyingine kabisa, usiiguse. La pili ni majirani. Kama mnakaa nyumba ya vyumba vingi yenye ua mmoja, fahamu kwamba kimea kinapochemka harufu yake huenea ua mzima, na wengi wetu Pwani hii tuna jamaa na majirani wasiotaka pombe mlangoni kwao. Waambie mapema, na mwezi wa Ramadhani weka sufuria lako kabatini.

Vitu vya kutafuta

Kipimo ninachokieleza ni cha kutoa lita 10, yaani chupa kama 18 za nusu lita. Wengi hutaka kuanza na lita 20 kwa sababu mapishi mengi yameandikwa hivyo. Kuchemsha lita karibu 30 kwa saa nzima kunataka jiko ambalo nyumba nyingi hazina, na kuzipoza kwa maji yetu ya vuguvugu ni adhabu. Anza na kumi.

Malighafi ni hizi:

Kimea cha shayiri cha rangi nyepesi (aina ya pilsner), kilo 1.8
Unga wa mtama mweupe, gramu 250
Sukari nyeupe ya kawaida, gramu 250
Hopsi (maua makavu yanayoipa bia uchungu) aina ya East Kent Goldings au Styrian Goldings, gramu 30
Hamira kavu ya saison, pakiti moja ya gramu 11
Sukari ya kutilia gesi, gramu 7 kwa kila lita utakayojaza

Kimea, hopsi na hamira hutavikuta sokoni Mtwara. Huagizwa Dar es Salaam au nje ya nchi na kufika kwa mzigo wa basi. Hapo ndipo pa kuwa macho: hamira ikishinda siku nzima kwenye buti la basi kiangazi, inaweza kudhoofika. Mwambie anayekutumia aifunge pamoja na chupa ya maji ya barafu, uipokee stendi mwenyewe, iende moja kwa moja kwenye friji. Ndiyo maana nimeandika pakiti nzima wakati nusu ingetosha. Hopsi nazo hukaa kwenye friza, zimefungwa zisipate hewa.

Hamira ninayoipendekeza kwa anayeanza ni Belle Saison ya Lallemand. Inavumilia hadi nyuzi 35 na haina tabia ya kugoma katikati ya safari, ugonjwa unaojulikana wa hamira ya ukoo wa Dupont, ambayo husimama ghafla kabla ya kumaliza sukari na kumwacha mpishi akikuna kichwa. SafAle BE-134 ya Fermentis ni nzuri pia, ila yenyewe isizidi 28, basi iweke kwa miezi ya Juni hadi Agosti. Hamira ya maandazi itachachua, hilo halina ubishi, lakini haitakupa ile pilipili manga na haikai chini ya chupa vizuri.

Mtama nimeuweka makusudi. Wakulima wa Hainaut walitia ngano au nafaka yoyote iliyobaki ghalani, na ghala la Masasi au Nachingwea lina mtama. Hufanya bia iwe nyepesi. Lakini usije ukabadilisha shayiri yote kwa kimea cha mtama, hata kama bibi yako ni fundi wa togwa. Kimea cha mtama kina upungufu wa kile kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari inayochachuka, na mtama wenyewe hulainika kwenye joto kubwa kuliko la shayiri. Ndiyo maana tutaupika uji kwanza.

Vyombo: sufuria la lita 20, ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko inayobana, mpira mwembamba wa kuhamishia, kipimajoto kinachofika nyuzi 100, mizani ya jikoni ya gramu, haidromita (kifaa kinachoonyesha sukari iliyomo kwenye kinywaji), na mfuko mkubwa wa kitambaa. Huo mfuko mpelekee fundi cherehani: achukue kitambaa chepesi cha pazia, kile cha kuonyesha, ashone mfuko unaoingia sufuria zima na kukunjika mdomoni. Ashone mara mbili, maana utabeba kilo nne za nafaka iliyolowa. Haidromita usiiache ukidhani ni anasa. Kwa hamira hii ndiyo inayokuzuia kutengeneza mabomu, kama utakavyoona mbele.

Maji

Hapa wapishi wa Pwani huharibu bia kabla hawajaanza. Onja maji yako. Visima vingi karibu na bahari vina chumvi, na maji ya chumvi kidogo ambayo kwenye ugali hayaonekani, kwenye bia kavu yanasimama mbele ya kila ladha. Kama kisima chako kina chumvi, tafuta maji ya bomba au ya mvua.

Maji ya bomba yana klorini. Klorini ikikutana na kimea na hamira hutoa harufu ya plasta ya hospitali, na haitoki tena. Chemsha maji yote jioni ya kuamkia siku ya kupika kwa dakika 15 bila mfuniko, uyaache yapoe. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie maji uliyotibu kwa vidonge vya kusafishia maji. Hivyo vidonge ni klorini.

Maji ya mvua, ambayo watu wa Newala na Tandahimba wanayajua kuliko sisi wa mjini, ni mazuri sana kwa kimea cheupe ila hayana kalisi. Gramu 3 za jasi ya chakula katika lita 15 zinatosha. Na kabla hujaniuliza: ndiyo, jasi inachimbwa Kilwa, lakini ile ni ya viwanda vya saruji. Usiitie kwenye bia.

Kusaga kimea

Ukinunua kimea kilichokwisha kusagwa, kifungie kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, kwa sababu unyevu wa Pwani hukilegeza ndani ya wiki. Ukinunua kizima, usikipeleke kwenye mashine ya kusaga unga. Itakurudishia unga, na unga huo utageuka gundi ndani ya mfuko.

Tumia kinu na mchi. Tia konzi mbili tatu kwa wakati mmoja na twanga kwa kuuachia mchi uanguke kwa uzito wake, bila kusukuma. Chota kiganjani uangalie juani: kila punje iwe imevunjika vipande viwili hadi vinne, maganda yakiwa karibu mazima, na unga uwe mdogo tu wa kuchafua kiganja. Punje nzima zikibaki nyingi, rudisha. Kilo 1.8 ni kazi ya kama saa moja, na ni kazi nzuri ya kumpa mgeni aliyesema atakuja kusaidia.

Siku ya kupika

Anza asubuhi. Ukianza saa nane mchana utakuwa unapoza maji ya kimea usiku, umeme ukikatika unashika tochi mdomoni.

Pima lita 15 za maji. Chota lita moja na nusu kati ya hizo, koroga unga wa mtama ndani yake ukiwa baridi, kisha pika uji kwa dakika 15 ukikoroga usishike chini. Maji yaliyobaki yatie kwenye sufuria kubwa, yapashe moto, kisha mimina uji ndani na koroga mpaka usione mabonge. Sasa angalia kipimajoto. Unataka nyuzi 67. Mapishi ya Ulaya yatakwambia uanze juu zaidi, lakini kimea chao kinatoka kwenye chumba cha nyuzi 15 na chako kiko karibu 28 tangu asubuhi, hivyo hakitapoza maji sana.

Tandika mfuko ndani ya sufuria, kunja mdomo wake nje, zima au punguza moto, mwaga kimea taratibu huku mtu mwingine akikoroga. Vunja kila bonge. Joto litashuka hadi 65 hivi, na hapo ndipo tunapotaka likae kwa dakika 75. Likiwa chini hivi, wanga huvunjika kuwa sukari nyepesi inayochachuka karibu yote, nayo ndiyo inayoipa saison ukavu wake. Likipanda hadi 70 bia itabaki nzito.

Funika sufuria, lizungushie blanketi la zamani, uende kunywa chai. Kila baada ya dakika 25 funua, koroga, pima. Likishuka chini ya 62 washa moto mdogo kwa dakika chache, ukiinua mfuko usiguse chini ya sufuria, maana kitambaa cha pazia huyeyuka. Kwa jiko la mkaa, vuta makaa pembeni mapema. Mkaa hauzimiki kwa kugeuza kitufe.

Dakika 75 zikifika, chota kijiko cha maji hayo, mwaga kwenye sahani nyeupe, yapoe, dondosha tone la ayodini ya duka la dawa. Likigeuka bluu au jeusi, wanga bado upo, subiri dakika 15 zaidi. Likibaki na rangi yake ya kahawia, umemaliza. Sahani hiyo imwage, isirudi sufuriani.

Inua mfuko, uache uchuruzike juu ya sufuria, ukamue kwa mfuniko wa sufuria au kwa glavu nene. Utasikia kwamba kukamua huleta ukakasi. Mimi nakamua, na sijaonja ukakasi huo bado. Onja haya maji: ni matamu, mazito kidogo, yanafanana na togwa iliyochujwa.

Kuchemsha

Chemsha dakika 75, mfuniko ukiwa pembeni muda wote. Kimea cheupe kina kitu kinachogeuka harufu ya mahindi ya kuchemsha, na harufu hiyo hutoka na mvuke. Ukifunika inarudi ndani. Jiko dogo la mtungi wa kilo 6 litahangaika na lita 13. Jiko kubwa la mkaa au mafiga matatu ya kuni uani hufanya kazi vizuri zaidi, ila kaa upande wa upepo, na watoto wakae mbali. Dakika tano za kwanza povu litapanda haraka hadi ukingoni. Simama hapo na mwiko na kikombe cha maji baridi.

Yakianza kuchemka sawasawa, hesabu dakika 15, kisha tia gramu 15 za hopsi. Hizi ndizo za uchungu, zitachemka saa nzima. Zikibaki dakika 15 tia gramu 10 nyingine. Zikibaki dakika 10 tia sukari, ukiwa umeikoroga kwanza kwenye bakuli la maji hayohayo ya moto, kwa sababu sukari kavu ikizama itaungua chini. Zikibaki dakika 5 tia gramu 5 za mwisho.

Kuhusu sukari: wapo wanaoamini kwamba sukari ni udanganyifu wa kuongeza ukali. Wabelgiji wameitumia miaka na miaka, yao ikitokana na viazisukari, na kwa hamira hakuna tofauti na ya miwa yetu. Inapandisha kilevi bila kuongeza uzito mdomoni. Ukitaka rangi na harufu zaidi badilisha nusu yake kwa sukari guru au asali, lakini si kwa mara ya kwanza. Mara ya kwanza jifunze bia yenyewe ilivyo.

Watu wengine hutia mbegu za giligilani, gramu 5 zilizopondwa, dakika tano za mwisho. Ni halali. Mimi naona hamira ya saison imeshasema ya kutosha.

Kupoza

Kuanzia hapa kila kitu kinachogusa bia lazima kiwe safi cha kuua vijidudu. Osha ndoo, mpira na mfuniko kwa sabuni, suuza, kisha loweka dakika 15 kwenye maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato, kwa lita 4. Suuza mara mbili kwa maji yaliyochemshwa. Usichanganye klorini na siki, gesi yake ni sumu.

Maji ya bomba ya kwetu hayawezi kupoza sufuria chini ya nyuzi 30. Barafu inaweza, na mji wa wavuvi haukosi barafu. Nunua Feri asubuhi ileile, pale wanapouza ya kuhifadhia samaki, ikae kwenye kiroba. Weka sufuria kwenye beseni kubwa la maji ya kawaida kwanza, uyabadilishe mara mbili yakipata moto, ndipo utie barafu kwenye beseni. Ukitia barafu tangu mwanzo itayeyuka yote kabla sufuria halijafika 60. Barafu isiingie ndani ya sufuria hata kipande kimoja: imeshikana na samaki. Sufuria liwe limefunikwa, na wewe ulizungushe taratibu. Shuka hadi nyuzi 24.

Mimina kwenye ndoo kutoka juu ili maji yapige povu na kuingiza hewa, ukiacha matope ya chini sufuriani. Chota kidogo upime kwa haidromita. Unatarajia 1.052 hivi (maji matupu ni 1.000, na sukari ikizidi namba hupanda). Haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20, kwa hiyo kama maji yako yana 30 ongeza 0.002 kwenye unachosoma. Ukipata chini ya 1.046, gramu 100 za sukari iliyochemshwa kwenye maji kidogo zitakupandisha karibu pointi 4, yaani 0.004.

Nyunyiza hamira juu, funika, pitisha mpira kutoka kwenye tundu la mfuniko hadi kwenye chupa ya maji ili gesi itoke na hewa isiingie. Ziba kuzunguka mpira kwa kitu kisichopitisha hewa. Inzi wadogo wa matunda ndio maadui wakubwa hapa, hasa msimu wa maembe na mabibo, maana hubeba vijidudu vya siki miguuni. Na kama ndani kuna mtu anayeleta tembo la mnazi, kaeni mbali na ndoo. Tembo limejaa hamira za porini na bakteria, ndiyo maana la asubuhi si la jioni. Nawa mikono kwanza.

Siku mbili za mwanzo, halafu uhuru

Nimesema saison inapenda joto, lakini si saa ya kwanza. Zile harufu mbaya za rangi ya kucha huzaliwa zaidi wakati hamira inaongezeka, yaani saa 48 za mwanzo. Kipindi hicho jitahidi ndoo isizidi 26. Iweke ndani ya beseni la maji kwenye kona ya chumba isiyopigwa na jua, uizungushie khanga iliyolowa ambayo ncha zake zimo majini, na ubadilishe chupa za maji ya barafu asubuhi na jioni. Kwa unyevu wa hewa ya Pwani khanga peke yake hushusha kidogo tu, kazi kubwa inafanywa na chupa. Hamira nayo hutoa joto lake, hivyo pima ndoo yenyewe, usipime chumba.

Siku ya tatu toa kila kitu. Acha ipande yenyewe hadi 30, 32, hata 33. Usiifungue kuchungulia.

Msukosuko wa wiki ya kwanza utatulia na chupa ya maji itaacha kububujika. Hapo wengi hukimbilia kujaza chupa, na hapo ndipo hatari ilipo. Belle Saison ni ya kundi la hamira linaloitwa diastaticus: hutengeneza kimeng'enya chake na kuendelea kumega taratibu sukari ngumu ambazo hamira nyingine huziacha. Bia inayoonekana imekufa inaweza kuwa bado ina pointi kadhaa za kushuka. Zikishukia ndani ya chupa, chupa inapasuka, na kipande cha kioo kinachoruka hakichagui jicho la nani.

Basi subiri wiki mbili kamili. Pima. Ngoja siku tatu, pima tena. Namba ziwe zilezile, na ziwe chini ya 1.006. Kwa kawaida utakuta 1.002 hadi 1.004, yaani kilevi karibu asilimia 6.5. Ikikaa 1.010, usijaze hata kama imesimama. Tikisa ndoo kidogo, isogeze penye joto, ngoja wiki nyingine.

Kujaza

Chupa za bia za nusu lita za kurudishwa, zile za kahawia, ni nene na zinafaa. Za kijani na nyeupe hupitisha mwanga unaoipa bia harufu ya kicheche. Kagua midomo, chupa yenye ufa au iliyochanika ukingoni itupe. Utahitaji vizibo vipya na mkono wa kufungia, ambavyo vinaagizwa pamoja na kimea. Usipovipata, tumia chupa za plastiki za soda zenye vifuniko vyake. Zile za maji ya kunywa ni laini mno, hazikuumbwa kushika gesi.

Pima bia iliyopo, hesabu gramu 7 za sukari kwa lita, chemsha sukari hiyo kwenye kikombe cha maji, ipoe, imwage kwenye ndoo ya pili iliyo safi. Hamishia bia juu yake kwa mpira, ncha ikiwa chini isipige povu, kwa kuwa sasa hewa ni adui. Jaza ukiacha vidole viwili juu. Wabelgiji hutia gesi zaidi ya hii, lakini chupa zao ni nzito kama za shampeni.

Jaza pia chupa moja ya plastiki ya soda hata kama nyingine zote ni za kioo. Hiyo ndiyo kipimo chako: ibonyeze kila siku. Ikiwa ngumu kabisa, gesi imeingia, mara nyingi ndani ya siku 7 hadi 10 kwa joto letu. Chupa zikae kwenye kreti, ndani ya boksi lililofunikwa, mahali ambapo watoto hawachezi. Zote zikishapata gesi, zile utakazoweza zitie kwenye friji. Bia inayokaa kwenye nyuzi 30 huzeeka haraka na kuanza kunuka karatasi lililolowa, kwa hiyo iwe imenywewa ndani ya miezi miwili au mitatu.

Fungua chupa ya kwanza ukiwa nje na kitambaa mkononi. Mimina taratibu kwenye glasi iliyoinamishwa, acha kidole kimoja cha masalia chini. Isiwe baridi ya kuuma meno, itoe kwenye friji robo saa kabla. Kwa pweza wa kuchoma au korosho zilizokaangwa kwa chumvi sijaona bia inayoishinda.

Ukiona bia ina ukakasi na uchachu mkali wa siki, imeingiliwa: itupe yote, na mpira uutupe pia, kwa sababu ndani yake hausafishiki. Harufu ya plasta maana yake klorini, rudi kwenye maji na usafi. Utamu uliobaki na gesi ndogo maana yake hamira ilichoka njiani kwenye basi.

Masalia mazito chini ya ndoo usiyamwage. Ni hamira hai. Yatie kwenye chupa safi ya plastiki, kifuniko kisikazwe, yakae kwenye friji hadi wiki mbili, na kikombe kimoja kitachachua lita 10 nyingine bila kuagiza pakiti. Andika juu ya chupa kwamba ni saison. Ikichanganyika na bia nyingine yoyote itaila mpaka iwe kavu na kupasua chupa, hivyo ndoo na mpira wa saison viwe vya saison tu. Machicha ya kimea yanaliwa na kuku siku hiyohiyo, kabla hayajachacha.